Kuzuia neva kwa mnyama aliyelala: dalili za hitilafu katika mafunzo na mahali pa kutafuta chanzo chake

Mwongozo huu ni wa walimu wa ganzi na usingizi, pamoja na madaktari wa mifugo wanaoshirikiana nao, wanaofundisha kuzuia neva kwa dawa ya ganzi chini ya ultrasaundi wakitumia nguruwe au mbuzi aliyelazwa kwa dawa ya usingizi. Hauelezi namna ya kuanzisha mafunzo hayo tangu mwanzo. Unachukulia kwamba kibali cha kamati ya maadili kimekwisha kupatikana, kwamba daktari wa mifugo yupo chumbani muda wote, na kwamba mnyama atalala usingizi mzito kabla ya sindano ya kwanza na hataamshwa tena. Unashughulikia kinachotokea baada ya hapo, saa nne asubuhi, wanafunzi wanane wakiwa wameizunguka meza, na mmoja wao anapogeuka na kusema: "Mwalimu, sioni neva."

Wengi wetu, tukisikia hivyo, huukamata mkono wa mwanafunzi na kuanza kumsahihisha. Nimefanya hivyo kwa miaka, na mara nyingi nilikuwa nasahihisha mkono usio na kosa. Mnyama hai si bonge la jeli: shinikizo lake la damu hupanda na kushuka, joto lake hubadilika, maji tunayomdunga hubaki mwilini, na kila badiliko la namna hiyo hujitokeza kwenye skrini kana kwamba ni udhaifu wa anayejifunza. Kwa hiyo utaratibu ninaoufuata, na ambao mwongozo huu umejengwa juu yake, ni kumkagua mnyama kwanza, kisha mashine, kisha sindano na kilichomo ndani yake, na mkono wa mwanafunzi mwisho.

Neva haionekani kabisa

Anza na ngozi. Nguruwe ana ngozi nene na manyoya magumu yanayohifadhi hewa, na hewa ndiyo adui mkuu wa mawimbi ya ultrasaundi. Kunyoa peke yake hakutoshi. Mahali pa kufanyia kazi paoshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pakaushwe, pafutwe kwa spiriti, kisha papakwe jeli kwa wingi na kuachwa dakika chache iingie kwenye vitundu vya ngozi. Kama picha ya mwanzo ilikuwa ya kijivu tupu na baada ya kazi hiyo mipaka ya misuli inaonekana, chanzo kimepatikana na hakuna haja ya kugusa kitufe chochote.

Kama bado giza, fikiria umri na uzito. Nguruwe wa kilo 60 aliyenoneshwa kwa ajili ya soko ana tabaka la mafuta linalomeza mawimbi kabla hayajafika kwenye neva, ilhali mwenye kilo 25 hadi 35 hufaa zaidi, kwani neva zake ni kubwa kiasi cha kuonekana na mafuta yake ni haba. Mbuzi ana tatizo la kinyume: ngozi ni nyembamba na neva ziko juu mno, hivyo mwanafunzi aliyeacha kina cha picha kwenye sentimita 5 huipita neva bila kujua. Kina cha sentimita 2 hadi 3 kwa kawaida hutosha. Tumia probu bapa, yaani kichwa cha mashine kinachogusishwa kwenye ngozi, yenye masafa ya takriban megahezi 6 hadi 13, anza na masafa ya juu, na uyapunguze tu pale unapothibitisha kwamba neva iko chini zaidi.

Sababu inayofuata hutambuliwa na wachache, nayo ni shinikizo la damu. Alama tunayoitegemea kinenani na kwapani ni ateri inayodunda. Tukishaiona, tunaitafuta neva ubavuni pake. Mnyama aliyefungishwa chakula usiku kucha, akasahauliwa maji, kisha akapewa isoflureni, dawa ya usingizi ya kuvuta, nyingi kuliko anavyohitaji, atakuwa na ateri iliyonywea na vena zilizolala kabisa chini ya uzito wa probu. Katika mafunzo mamoja tulihangaika kinenani kwa karibu nusu saa, kila mtu akitoa nadharia yake kuhusu anatomia ya nguruwe, hadi daktari wa mifugo alipotuuliza kwa upole kama kuna aliyeitazama monita. Wastani wa shinikizo la ateri ulikuwa umeshuka chini ya milimita 50 za zebaki. Tulimwongezea dripu, tukapunguza isoflureni, na baada ya muda mfupi ateri ilijaa na neva ikaonekana pembeni yake, pale pale tulipokuwa tumepita mara kumi. Tangu siku hiyo ninaisoma monita kabla sijaitazama picha.

Shinikizo likiwa sawa na picha ikiwa safi, zungumzia pembe. Neva hung'aa pale tu mawimbi yanapoigonga kwa pembe inayokaribia digrii 90. Probu ikilalia upande kidogo, neva hufifia na kuchanganyika na misuli, na tabia hiyo huitwa anisotropia. Mwelekeze mwanafunzi asiisogeze probu, bali ailaze taratibu mbele na nyuma mahali pale pale, kama mtu anayetafuta mng'ao wa jua kwenye kioo. Neva "itawaka" ghafla. Hapa ndipo mnyama hai na nyama ya buchani vinapofanana, na ndiyo maana ujuzi huu hauna sababu ya kusubiri siku ya mnyama.

Liko pia kosa ambalo ni la mwalimu peke yake: kutafuta kisichokuwepo. Nguruwe hana mtulinga, wala mbuzi hana. Mwanafunzi anayeambiwa aweke probu juu ya mtulinga ili aone fungu la neva za mkono likiwa kando ya ateri, kama alivyoona kwenye michoro ya binadamu, atatafuta hadi jioni. Neva zenyewe zipo, na huonekana vizuri kwapani. Alama za mifupa ndizo zilizo tofauti. Chagua sehemu ambazo zina mfanano wa kweli, yaani kwapa, kinena kwa neva ya paja, na nyuma ya nyonga kwa neva ya siatiki, ile kubwa inayoteremka nyuma ya mguu. Vivyo hivyo, usimtumie nguruwe kufundishia mahali pa kuchoma sindano ya mgongo. Uti wa mgongo wa binadamu mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, ilhali wa nguruwe hushuka hadi kwenye pingili za sakramu, zilizo chini ya kiuno, na mazoea atakayoyapata mwanafunzi hapo hayatamfaa.

Anachokiita neva si neva

Dalili yake ni mwanafunzi mwenye uhakika mwingi na misuli isiyoitikia. Anaona duara jeupe lenye vitobo vyeusi, nalo linaweza kuwa kano, tezi la limfu au mshipa wa damu. Kipimo chake hakihitaji kifaa kingine: teleza na probu sentimita tano kwenda juu na tano kwenda chini. Neva huendelea na umbo lake karibu lile lile; kano hupotea ndani ya msuli au hupanuka kuelekea mfupani; tezi huisha ghafla. Vena hubonyea ukikandamiza, na kwa mbuzi mwenye shinikizo la chini hata uzito wa kawaida wa mkono huifuta kabisa, basi legeza mkono kabla ya kuamua kwamba haipo.

Sindano haionekani

Sehemu kubwa ya muda wa mafunzo hupotea hapa, na msimamo wangu kuhusu dalili hii ni mkali: haitatuliwi juu ya mnyama.

Visababishi vinajulikana. Sindano imeingia kwa mwinamo mkali mno, hivyo mawimbi yanaigonga na kupotea badala ya kurudi. Au sindano na probu haviko kwenye mstari mmoja, na kinachoonekana ni kipande cha katikati huku ncha ikiwa imekwenda kusikojulikana. Au mwanafunzi anasogeza mikono yote miwili kwa pamoja. Tiba ni kuingiza sindano mbali kidogo na probu ili mwinamo upungue, kuugeuzia mdomo wa ncha upande wa probu, na kushika kanuni isiyo na msamaha: kitu kimoja tu husogea kwa wakati mmoja, na sindano isiyoonekana haisukumwi mbele hata milimita moja. Ncha ikiendelea kujificha, nusu mililita ya maji ya dripu itaonyesha ilipo kwa jinsi tishu zinavyofunguka.

Hata hivyo, mwanafunzi ambaye baada ya majaribio mawili bado anapoteza ncha anapaswa kuondoka mezani na kurudi kwenye nyama. Nunua kilo mbili za nyama ya ng'ombe isiyo na mfupa, ipitishie kano la ng'ombe katikati kwa koleo refu, izamishe majini ili hewa itoke, kisha ifunge kwa karatasi ya nailoni. Kano litaonekana kama neva, nyama kama misuli, na sindano itaonekana au kupotea kwa sababu zile zile. Muuza nyama atakushangaa ukimwomba kano lisilokatwa, lakini atakupatia. William Russell na Rex Burch walipotoa mwaka 1959 kanuni zao tatu kuhusu matumizi ya wanyama, yaani kumbadili mnyama kwa kitu kingine inapowezekana, kupunguza idadi na kupunguza maumivu, hawakuwa wakizungumzia ultrasaundi, lakini sioni mahali kanuni ya kwanza inapotumika kwa uwazi kuliko hapa. Uhai wa mnyama hautumiki kumfundisha mtu kupanga mstari.

Mnyama hai abaki kwa yale ambayo nyama haiwezi kuyatoa: mdundo wa ateri, mwitikio wa misuli kwa umeme, kusambaa kwa dawa ndani ya tishu zenye uhai, na damu inayotoka ukikosea.

Umeme unapita lakini misuli hairuki

Picha ni nzuri, ncha ya sindano iko kando ya neva, kifaa cha kuchochea neva kimewekwa miliampea 1 kwa mapigo 2 kwa sekunde yenye urefu wa milisekunde 0.1, na mguu umetulia tuli. Uliza swali la kwanza kwa aliyemlaza mnyama: amepewa dawa ya kulegeza misuli? Ni kawaida kwa mtaalamu aliyezoea chumba cha upasuaji kudunga rokuroniamu au saksamethoniamu ili kurahisisha kupitisha mrija wa hewa, akasahau kwamba dawa hizo hukata mawasiliano kati ya neva na msuli. Hakuna ustadi wa mkono utakaourusha msuli uliolegezwa. Dawa hizo zina ubaya mwingine ulio mkubwa zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa humnyima mnyama njia ya kuonyesha kwamba usingizi umepungua. Katika mafunzo ya aina hii zisitumike kabisa. Koo la nguruwe hukaza upesi, lakini ganzi ya kupuliza, lignokeini, na subira hutosha.

Kama hakuna dawa ya kulegeza misuli, fuata waya. Ncha hasi iwe kwenye sindano na ncha chanya kwenye ngozi. Zikigeuzwa, umeme mwingi zaidi huhitajika na mwanafunzi hufikiri yuko mbali. Kibandiko cha ngozini kilichowekwa juu ya manyoya au kilichokauka jeli hakipitishi kitu, na vifaa vingi huonyesha kiasi cha umeme kilichoombwa pembeni mwa kile kilichopita kweli, kwa hiyo soma namba zote mbili. Betri ibadilishwe asubuhi, isisubiriwe ife.

Waya zikiwa salama, angalia nani alitangulia. Mwanafunzi wa kabla yake akiwa amedunga dawa halisi ya ganzi, ni lazima ujue alidunga wapi. Ganzi iliyowekwa chini, karibu na goti, huzuia mwitikio wa mguu kwa sindano inayochochea neva ya siatiki juu kwenye nyonga, kwa kuwa ujumbe unateremka na kukwama njiani. Ganzi ikiwekwa juu, sindano iliyo chini yake bado hupata mwitikio, kwani neva kutoka pale hadi kwenye msuli haijaguswa. Kwa sababu hiyo mguu mmoja hufundishwa kuanzia nyonga kushuka, kamwe si kuanzia goti kupanda. Jambo hili ni dogo, lakini nimeona ratiba nzima ya mchana ikiharibika kwa kulisahau.

Hata maji ya chumvi ya kawaida huleta dalili hiyo hiyo. Mililita moja au mbili za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 huusambaza umeme, na mruko wa misuli hufa papo hapo ijapokuwa neva haijaguswa na ganzi yoyote. Dekstrozi, yaani maji ya sukari, ya asilimia 5 haipitishi umeme kwa namna hiyo. Mruko hubaki, na mara nyingine huongezeka. Tumia dekstrozi kwa mazoezi yote ya kurudia, na uwaeleze wanafunzi sababu, kwani somo la fizikia lililomo humo ni zuri na watalihitaji wodini.

Misuli inaruka, lakini mruko unatia shaka

Tofautisha aina tatu. Msuli ulio chini ya sindano yenyewe ukitetemeka huku mguu wa chini umetulia, sindano inachochea msuli moja kwa moja, isogezwe. Mruko ukiendelea hata umeme ukishushwa chini ya miliampea 0.2, chukulia kwamba ncha imo ndani ya neva, irudishe nyuma milimita moja au mbili, kisha ujaribu tena. Tunachokitafuta ni mruko unaokuwepo kati ya 0.3 na 0.5 na kutoweka chini ya hapo. Uchunguzi huu usichukuliwe kuwa kamili, kwa sababu ncha inaweza kuwa ndani ya neva bila mruko kuonekana katika umeme mdogo, na ndiyo maana picha na ukinzani wa bomba la sindano husomwa kwa pamoja. Bomba linalokataa kusukumika halilazimishwi. Mwambie mwanafunzi aache mara moja, na mwonyeshe kwenye skrini kama neva inavimba.

Aina ya tatu si mruko wa neva kabisa. Mruko unaotokana na umeme hufuata saa: mara mbili kwa sekunde, sawasawa. Mguu ukivutwa bila mpigo, au taya likikaza, au sikio likicheza, mnyama anaanza kuamka. Kila mtu ainue mikono, sindano itolewe, na kazi isirudiwe hadi aliye kichwani mwa meza aseme. Ganzi ya mguu mmoja haichukui nafasi ya dawa ya usingizi, na mwalimu anayesema "kaziba neva tayari, hasikii" atakuwa amesahau ngozi, mrija kooni na mengine yote.

Picha inaharibika kadiri siku inavyosonga

Saa mbili asubuhi kinena kilionekana kama ramani. Saa saba mchana ni ukungu. Sababu kubwa ni hewa. Kila bomba lililojazwa kwa haraka hubeba mapovu, na povu moja hutupa kivuli kinachofunika kila kilicho chini yake. Sababu ya pili ni maji yaliyorundikana, na ya tatu ni damu iliyovuja baada ya ateri kutobolewa. Mabomba yajazwe na mtu mmoja mwenye subira na mapovu yatolewe. Kila mwanafunzi adunge mililita 2 au 3 tu. Sehemu zigawiwe kwa zamu ili kinena cha kushoto kipumzike kinapofanyiwa kazi cha kulia. Damu ikivuja, bana kwa dakika tano na uiache sehemu hiyo. Picha ikishaharibika, kuongeza mwanga wa skrini hakuirudishi. Hukupa tu ukungu mweupe zaidi.

Mnyama mwenyewe anabadilika

Joto la kawaida la nguruwe na mbuzi liko kati ya nyuzi 38 na 40. Mnyama aliyenyolewa, akaoshwa na kulazwa juu ya meza ya chuma hupoa haraka, na kupoa huko huleta mapigo ya polepole na usingizi mzito kupita kipimo. Mfunike mapema.

Kinyume chake ndicho cha kuogopwa. Baadhi ya nguruwe, hasa wenye damu ya Landrace au Pietrain, hurithi kasoro inayofanya misuli yao iwake moto wakipewa isoflureni, halotheni au saksamethoniamu. Joto si dalili ya kwanza. Hewa ukaa inayotoka hupanda kwanza na kuendelea kupanda hata upumuaji ukiongezwa, mapigo huenda mbio, miguu hukakamaa, ngozi hupata mabaka, na joto hufuata. Mwanafunzi atakuambia tu kwamba mguu umekuwa mgumu na probu haikai. Isoflureni ifungwe, oksijeni itolewe kwa wingi, mnyama apozwe, na kama kuna dantrolini, dawa ya kutuliza misuli hiyo, itumike. Lakini kwa kuwa mnyama huyu hakukusudiwa kuamka, uamuzi wa haki mara nyingi ni kuikatisha siku na kummaliza angali usingizini. Kabla ya kununua, muulize mfugaji kama amewahi kupoteza nguruwe ghafla wakati wa kuwasafirisha. Akijibu ndiyo, tafuta zizi lingine, au mtumie mnyama kwa dawa za kudunga mshipani bila zile za kuvuta.

Kisha kuna sumu ya dawa ya ganzi yenyewe, ambayo ni kosa la hesabu. Nguruwe wa kilo 30, kwa kiwango cha tahadhari cha miligramu 2 za bupivakeini kwa kilo, anaruhusiwa miligramu 60, ambazo ni mililita 12 tu za dawa ya asilimia 0.5. Wanafunzi wanane wakidunga mililita tano kila mmoja, amepata miligramu 200, zaidi ya mara tatu ya kiwango. Mnyama aliyelala hatatetemeka wala kupata degedege, kwa kuwa dawa ya usingizi huficha dalili hizo. Cha kwanza kuonekana kitakuwa moyo uliovurugika na shinikizo linaloporomoka, na mtu atasema monita imeharibika. Andika jumla ya dawa ubaoni, kwa jina na miligramu, mbele ya wote. Nguruwe pia si mnyama wa kuonyeshea tiba ya mafuta ya mshipani inayotumika kwa binadamu mwenye sumu hiyo, kwani mwili wake huyapokea mafuta hayo kwa mzio unaopandisha shinikizo la mapafu, na wanafunzi wataondoka na somo lililopinda.

Mbuzi ana mitego yake. Zailazini, dawa ya kutuliza mnyama, humlaza nguruwe kwa takriban miligramu 2 kwa kilo, lakini mbuzi huhitaji kati ya 0.05 na 0.1, na anayehamisha kipimo cha nguruwe kwa mbuzi humwua kabla mafunzo hayajaanza. Mbuzi akilala, tumbo lake hujaa gesi na hucheua. Ubavu wa kushoto ukivimba na upumuaji ukiwa mfupi, pitisha mrija tumboni na mlaze kifudifudi kidogo. Chakula kizuiwe tangu jana yake, na mrija wa hewa wenye puto ni wa lazima. Kila mnyama anapogeuzwa ubavu, hakikisha mawimbi ya hewa ukaa yamerudi kwenye skrini kabla ya mtu kushika probu.

Mwanafunzi anarudi nyuma na hashiki chochote

Usiharakishe kusema ni mwoga. Katika pwani yetu, na mahali pengi penye Waislamu, kumgusa nguruwe kuna uzito wake, na mtu hatasema mbele ya wenzake. Tangazeni aina ya mnyama wakati wa kuandikisha, na mbuzi awepo kama inavyowezekana. Wengine husita kwa sababu hawakubali mnyama atumike; hao wapewe nyama na skrini bila maswali.

Alifaulu mezani, amekwama kwa mgonjwa

Mgonjwa yuko macho, anaogopa, ana maumivu ya mfupa uliovunjika, na anauliza sindano ni ndefu kiasi gani. Hakuna hata kimoja katika hayo kilichokuwepo juu ya meza ya chuma. Kama mwanafunzi aliyeng'ara kwa nguruwe anatetemeka kinenani mwa mtu, chunguza kama alifundishwa kuvaa glavu safi na kufunika probu, kama aliwahi kuzungumza huku akifanya kazi, na kama ametazama neva za watu wazima wenye afya kwa probu bila sindano. Wenzake wa darasani ni kielelezo bora cha anatomia kuliko mnyama yeyote, na hawahitaji kibali kirefu. Cheti cha siku ya mnyama kisiandikwe kwamba mhusika anaweza kuzuia neva. Kiandikwe alichofanya, mara ngapi, na kwa kielelezo gani.

Jioni, mtu anaulizia nyama

Swali hili huja kila mara, kwa kawaida kutoka kwa mfanyakazi anayesafisha chumba, na si swali la kudharauliwa, kwani nguruwe wa kilo 30 ni mali. Jibu ni hapana. Mnyama humalizwa angali katika usingizi mzito, kwa pentobabitali nyingi au kwa kloridi ya potasiamu mshipani, ambayo ya pili haidungwi kamwe kwa mnyama asiye katika usingizi huo, na daktari wa mifugo huthibitisha kwamba moyo umesimama. Mzoga una dawa za usingizi kama ketamini, ganzi na dawa ya kuulia ambazo moto wa jikoni hauziondoi, na mbwa akiufukua naye atadhurika. Uchomwe kwenye tanuri, au ufukiwe kwa kina mahali palipokubaliwa, na mwalimu awepo hadi kazi hiyo iishe. Mahali ambapo mwalimu aliondoka mapema, nimewahi kukuta asubuhi shimo likiwa wazi.